Springla zipo, nyasi zinakauka: tafuta kosa kabla ya kununua vichwa vingine

Kuanzia Juni hadi Oktoba, masika yakishapita na vuli haijafika, simu ninazopigiwa hapa Dar es Salaam zinafanana. "Fundi, springla nimefunga, lakini nyasi zinakufa." Nikifika nakuta vichwa vizuri, vingine vya bei kubwa, vimepangwa kwa mstari ulionyooka, na kati yake ukoka umebaki mabaka mabaka. Mwenye nyumba ameshaamini kwamba kauziwa feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi zaidi kichwa ni kizima, ila kilinunuliwa kabla mtu hajajua maji ya nyumbani kwake yana presha kiasi gani na yanatoka mengi kiasi gani. Springla haiongezi presha. Inatumia ile inayoikuta.

Kwa hiyo usianze kufukua. Pima.

Kwanza ndoo na saa

Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya bomba linalopeleka maji bustanini, fungua koki yote, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40 una lita 30 kwa dakika. Hayo ni maji yanayotoka bila kizuizi. Yakianza kupita kwenye springla yatapungua, kwa hiyo ukipiga hesabu za vichwa tumia nusu yake, au theluthi mbili kama bomba ni fupi na nene.

Presha hupimwa kwa saa ndogo ya mshale ambayo fundi bomba anayo, na maduka ya vifaa vya maji yanaiuza. Ifunge kwenye koki ya nje. Soma mara mbili: kwanza maji yakiwa yamefungwa kila mahali, kisha springla zikiwa zinafanya kazi. Namba ya pili ndiyo ya kuamini. Nimeona nyumba yenye presha ya baa 3 (baa ni kipimo cha presha) maji yakiwa yametulia, na springla zikiwaka mshale unaanguka chini ya 1.

Wanaotegemea tanki juu ya mnara bila pampu wajue hesabu hii: kila mita moja ya kimo inakupa takriban baa 0.1. Mnara wa mita 6 ni baa 0.6. Springla nyepesi kabisa ya bustani inataka baa 2, yaani tanki liwe mita 20 juu, kimo cha nyumba ya ghorofa sita hivi. Hapo hakuna kichwa cha kubadilisha. Ama ufunge pampu, ama umwagilie kwa mpira.

Na pampu yenyewe isome vizuri. Ile ndogo ya nusu hosipawa ambayo wengi wetu tunayo huwa na kibandiko chenye namba mbili kubwa, kwa mfano lita 35 kwa dakika na mita 35. Watu wanazisoma kama ahadi moja. Lita 35 ni pale pampu isipopandisha maji popote. Mita 35 ni pale ambapo hakuna hata tone linalotoka. Katikati ya hapo ndipo springla inapoishi: kwenye presha ya baa 2, pampu kama hiyo hubakiwa na lita 15 hivi kwa dakika.

Vichwa vyenyewe

Nitaviita kwa jinsi vinavyorusha maji, maana majina ya madukani yanatofautiana. Kuna cha mwavuli: hakizunguki, kinafungua maji kama feni kwa mara moja, hufika mita 4.5 hivi, kinataka baa 2, na kinamwaga kwa kasi, kama milimita 40 kwa saa. Kuna cha nyuzi: ni nozeli ndogo (pua ya kutolea maji) yenye vijito vyembamba vinavyozunguka polepole kama miguu ya buibui, inataka baa 2.8, na humwaga milimita 10 hivi kwa saa. Kuna rota, yenye gia ndani na mkondo mmoja unaozunguka. Hiyo ni ya eneo kubwa, mita 6 hadi 12 na zaidi, na inataka karibu baa 3. Halafu kuna ya nyundo, ile inayopiga tik-tik-tik, ambayo wengi waliiona shambani kabla ya kuiona kwenye ua wa mtu.

Tatu za kwanza huwa zinakaa ndani ya mwili uliozikwa na kuchomoza maji yakija. Kumbuka jambo moja litakalokuokolea pesa: mwavuli na nyuzi kwa kawaida hufungwa kwenye mwili uleule. Unafungua nozeli kwa vidole, unafunga nyingine. Hufukui kitu.

Sasa twende kwenye dalili.

Kichwa hakichomozi, au kinachomoza nusu na kukohoa maji

Hii ndiyo kesi kubwa ya mjini, na nitakaa nayo.

Jaribio lake ni jepesi. Ziba nusu ya vichwa (fungua nozeli, weka kifuniko, au hata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chini ya nozeli) kisha washa maji. Vilivyobaki vikisimama wima na kurusha vizuri, vichwa vyako vizima. Umeweka vingi kuliko maji uliyonayo. Visiposimama hata vikiwa viwili tu, tafuta bomba lililopasuka ardhini, koki iliyofunguliwa nusu, au filta iliyojaa.

Mama mmoja wa Goba alikuwa na kiwanja cha nyasi cha mita 9 kwa 9. Fundi wa kwanza alimpangia vizuri kabisa: vichwa tisa vya mwavuli, kila kimoja mita 4.5 kutoka kwa mwenzake, robo duara kwenye pembe, nusu duara kando, duara kamili katikati. Kwenye karatasi ungempongeza. Lakini kichwa cha duara kamili cha mwavuli kinachofika mita 4.5 hunywa lita 14 kwa dakika, cha nusu lita 7, cha robo lita 3.5. Jumlisha: pembe nne lita 14, kando nne lita 28, katikati 14. Lita 56 kwa dakika. Pampu yake ilikuwa ile ya nusu hosipawa, ya lita 15.

Nilimkuta amesimama barazani, vichwa tisa vimetoa shingo kama kobe, maji yanabubujika kuzunguka mwili badala ya kuruka. "Shikamoo mama," nikamwambia, "hivi si feki. Hivi vina njaa."

Njia zilikuwa mbili. Kubaki na mwavuli na kugawa bustani mikondo minne, yaani mafungu ya vichwa yanayowashwa kwa zamu, kila mkondo na koki yake, lita 14 kila mmoja. Hesabu inakubali, ila ni kufukua bustani nzima. Au kubadilisha nozeli tu, kuweka za nyuzi. Kwa umbali unaokaribia huohuo, nyuzi za duara kamili hutumia kama lita 3 kwa dakika, nusu kama 1.6, robo kama 0.8. Vichwa vyote tisa kwa pamoja havifiki lita 14. Kwa kuwa nyuzi zinataka presha kubwa zaidi, na pampu ile ikipandisha presha inapunguza maji, tuligawa mikondo miwili tu kwa koki moja mpya. Kazi ya asubuhi moja. Miili yote ilibaki ardhini.

Nyuzi zinachelewa, lazima niseme. Alichokuwa akitegemea kupata kwa dakika 15 sasa kinachukua saa nzima. Mtu anayepata umeme kwa kubahatisha afikirie hilo kabla ya kuzinunua.

Ukikuta kichwa kimoja tu ndicho kisichochomoza na wenzake wako sawa, hapo ni mchanga. Kivute juu kwa mkono na ukizungushe, ukitazama ule mpira laini unaobana shingo. Chembe mbili tatu za mchanga zikikaa pale, shingo inagoma kupanda au inagoma kushuka. Sukuma chini kwa mguu polepole maji yakiwa yanatoka, yatajisafisha. Mpira ukiwa umechanika, badilisha kichwa; mpira wenyewe kwa rejareja ni vigumu kuupata.

Maji yanatoka kama moshi

Unasikia mlio wa kupuliza, unaona ukungu mweupe, na gari la jirani limelowa kuliko nyasi zako. Hii ni presha iliyozidi. Matone yamepasuka kuwa vumbi la maji na upepo unaondoka nalo. Huwapata wenye pampu kubwa, na walio maeneo ya mabondeni ambako maji ya bomba huja kwa nguvu usiku.

Dawa ya haraka ni kubana koki ya mkondo huo taratibu hadi ukungu uondoke na matone yaonekane. Dawa ya kudumu ni miili yenye kidhibiti presha ndani. Tafuta namba juu ya kifuniko: 30 ni PSI 30, sawa na baa 2, ya mwavuli, 40 ni ya nyuzi, 45 ni ya rota. Ni ghali zaidi kwa kila kichwa, na kwa mwenye presha ya baa 4 na kuendelea mimi ningezinunua bila kusita, kwa sababu koki uliyoibana leo kesho kijana wa bustani ataifungua yote.

Upepo nao una sehemu yake hata presha ikiwa sawa. Pwani yetu upepo wa baharini huamka mchana na kushika kasi alasiri, iwe ni kipindi cha kusi au kaskazi. Mwagilia alfajiri.

Nyasi kahawia karibu na kichwa, kijani kwa mbali

Mtu akiona duara kavu kuzunguka kichwa husema kichwa hakifiki mbali, akaenda kununua nozeli kubwa zaidi. Anazidisha ugonjwa. Rota yenye presha ndogo hutoa mkondo mzima usiopasuka. Maji yanaruka juu ya nyasi za karibu na kudondoka yote mwishoni, kwenye pete moja. Nozeli kubwa inakula presha zaidi na pete inazidi kuwa mbaya.

Weka ndogo. Rota nyingi huuzwa na kipande cha plastiki chenye nozeli kadhaa zilizoshikana, kila moja na namba yake. Watu wengi hukitupa pamoja na boksi. Usikitupe! Hicho ndicho nusu ya thamani ya rota uliyonunua.

Juu ya rota pia kuna skrubu ndogo ya chuma inayoingia mbele ya mkondo. Ukiizungusha kidogo inavunja maji na kulisha karibu. Kidogo tu, maana ikiingia sana inafupisha umbali wote.

Mabaka makavu yanayorudi mahali palepale

Hapa macho yanadanganya. Chukua makopo matupu ya nyanya, yale ya kuta zilizonyooka, kumi au zaidi, yatawanye kwenye nyasi: mengine karibu na vichwa, mengine katikati, mengine pembeni. Washa dakika 15 kwa mwavuli, dakika 30 kwa nyuzi na rota. Pima kina cha maji kwa rula ya mtoto wa shule. Kopo moja likiwa na milimita 10 na jingine 3, umeshapata jibu la baka lako, na hakuna mbolea itakayolitibu.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Maji ya kichwa kimoja yanapaswa kufika kwenye shingo ya kichwa kinachofuata. Wengi hupanga ili miduara iguse tu kingo, wakiona vichwa vinne vinatosha badala ya tisa, na katikati panabaki nyota kavu ambayo hakuna kichwa kinachoifikia vya kutosha.

Ya pili ni kuchanganya aina kwenye mkondo mmoja. Mwavuli humwaga mara tatu au nne ya rota. Ukiwasha mpaka upande wa rota ushibe, upande wa mwavuli umegeuka tope. Kila aina na koki yake.

Ya tatu wengi hawaijui, hata mafundi. Rota ya pembeni inayozunguka robo duara hupita mahali palepale mara nne wakati ya duara kamili inapita mara moja. Zikiwa na nozeli sawa, pembe inapata maji mara nne. Kwa hiyo kama pembe umeweka nozeli ya lita 3 kwa dakika, kando weka ya karibu lita 6, na katikati ya karibu lita 12. Kwenye mwavuli na nyuzi mtengenezaji ameshalifanyia kazi hilo ndani ya nozeli, ndiyo maana robo ya mwavuli hutoa lita 3.5 na duara kamili 14.

Angalia pia kimo cha nyasi. Paspalum na kikuyu zikistawi hujaa kama godoro, na kichwa kinachochomoza sentimita 10 kinamwaga maji kwenye majani yaliyo mbele ya pua yake. Kwa nyasi hizo chukua mwili wa sentimita 15. Kilicholala upande kisimamishe na ukishindilie udongo.

Baada ya dakika tano maji yako barabarani

Presha nzuri, vichwa vimesimama, na mtaro unapita maji. Udongo wako haunywi kwa kasi ya kichwa chako. Mfinyanzi mzito, kama ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi wa sehemu nyingi za Nairobi, unaweza kunywa milimita 5 kwa saa au chini yake, na mwavuli unaumwagia 40. Weka nyuzi. Ukishindwa kubadilisha, mwagilia dakika tano, acha nusu saa, rudia mara tatu.

Mchanga wa Kigamboni ni kinyume: unameza chochote na haubakizi. Hapo mwavuli hauna ubaya, ila mwagilia kidogo na mara nyingi.

Kiasi cha jumla hukihisii kwa kuangalia. Milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Bustani ile ya Goba, mita za mraba 81, ukiipa milimita 25 kwa wiki inataka lita 2,025. Simtanki nzima ya lita 2,000, kila wiki, na kwenye joto kali zaidi ya hapo. Nawaambia watu hili kabla hawajanunua chochote, na wapo walioamua kupunguza nyasi nusu na kupanda miti. Sikuwalaumu.

Kinaziba kila baada ya wiki

Fungua nozeli. Chini yake kuna kichujio kidogo cha plastiki chenye umbo la kikapu. Mwaga ulichokuta kwenye kiganja.

Kama ni chembe zinazokwaruza, ni mchanga wa kisima. Funga filta kubwa baada ya pampu, yenye wavu wa mesh 120 (matundu 120 kwa kila inchi), na uifungue kuisafisha mara kwa mara. Kama ni uteute wa kijani, ni mwani unaoota kwenye tanki linalopitisha mwanga. Fungua mfuniko mchana uone. Tanki jeusi au lenye tabaka jeusi ndani halina shida hiyo. Kama ni ukoko mweupe mgumu, maji yako yana chokaa, jambo la kawaida kwa visima vya mwambao vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Loweka nozeli na kichujio kwenye siki usiku mmoja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usichokonoe tundu kwa pini, tundu likipanuka hata kidogo umbo la maji linaharibika.

Nyuzi ndizo dhaifu zaidi kwa uchafu, kwa kuwa njia zake ni nyembamba. Asiye tayari kuhudumia filta asizinunue. Kwa maji machafu kabisa kichwa ninachokiamini ni cha nyundo. Kilibuniwa na mkulima wa machungwa, Orton Englehardt, wa Glendora, California, mwaka 1933, na hadi leo hakina gia ya kuziba: mkondo, springi na mkono unaopiga.

Maji ya chumvi ni jambo jingine. Kichwa kitayarusha tu bila kuziba, lakini yanakauka juu ya majani na kuyaunguza. Hapo badilisha nyasi, paspalum ya pwani inavumilia, na mwagilia usiku au alfajiri ili jua lisiyakute juu ya jani.

Kichwa cha chini kinaendelea kuvuja baada ya kuzima

Kwanza hakikisha koki imefunga kweli. Kichwa kikivuja kwa dakika kumi kisha kikaacha, koki ni nzima. Hayo ni maji yaliyobaki ndani ya bomba yakishuka mteremko na kutokea kichwa kilicho chini kuliko vyote. Kila ukizima unapoteza bomba zima la maji, na ukiwasha tena hewa inasukumwa kwa kishindo kinachovunja viungo. Kama mkondo umeunganishwa na maji ya ndani ya nyumba, weka pia valvu ya kuzuia maji kurudi, maana bomba likipoteza presha linaweza kufyonza tope la bustanini mpaka jikoni.

Kwa uvujaji wenyewe, kinachotakiwa ni vichwa vyenye valvu ndogo chini ya mwili, ambayo huzuia maji ya mteremko wa mita 2 hadi 4 kutegemea mtengenezaji. Vibadilishe vyote vilivyo upande wa chini wa bustani. Ukikibadilisha kile kimoja kinachovuja tu, wiki ijayo dimbwi utalikuta kwenye kichwa kinachokifuata kwa juu.